Saa Nzuri ya Babu

Ijumaa, 15 Septemba

Shule imefungwa leo kwa ajili ya viazi. Wiki tatu za kuvuna, kama kila mwaka. Mwalimu wa Kifaransa ametugawia daftari moja moja, akasema tuandike ili mkono usilale, kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, yeye hatayasoma. Nimemwamini. Ningejua atalisoma nisingeandika hata jina.

Jina ni Corinne. Nina miaka kumi na sita. Tangu nikiwa na tisa naishi na Bibi Alphéda na Babu Rosaire, wazazi wa mama, kwenye barabara ya mtoni, Kanada ikiwa ng'ambo pale. Huku upande wa Marekani nyumbani tunaongea Kifaransa, ofisini ni Kiingereza. Mama yuko Connecticut na mume wake. Hupiga simu Jumapili. Darasani sisemi mpaka niulizwe, na nikiulizwa naona haya.

Jumatatu naanza kibarua shambani kwa Normand Sirois, kwenye mashine ya kuvunia.

Jumapili, 17 Septemba

Babu ana ugonjwa wa kutetemeka, huu mwaka wa sita. Akili iko sawa, inakata kuliko yangu. Mwili ndio haumtii. Alfajiri hawezi hata kujigeuza kitandani. Bibi na mimi tunamgeuza, tunamvua nepi, tunamwosha, tunamvisha, tunamkalisha. Saa tatu anameza vidonge, na ikifika saa nne vinamwingia. Basi kwa muda wa saa moja, siku nyingine na nusu, Babu anasimama, anaenda dirishani kwa miguu yake, anashika kikombe bila kumwaga. Bibi anaiita saa yake nzuri. Baada ya hapo anarudi kuwa gogo. Anapewa vidonge vingine mchana, lakini vya mchana havimfikishi hata mlangoni.

Bibi naye ana ngiri. Daktari alimwambia asinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai mpaka apasuliwe, na akishapasuliwa asinyanyue chochote wiki sita. Bibi akamwuliza: birika lenye maji au tupu? Babu ana kilo themanini na nne.

Mambo yote yamekwama hapo. Bila mtu wa kumnyanyua Babu hizo wiki sita, Bibi hapasuliwi. Na ngiri ikijinyonga, utumbo ukabanwa humo, daktari alisema, haitangoja mtu apatikane.

Kule zahanati nilichukua karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: Unamuuguza mtu wa kwenu nyumbani? Sheria inakutambua. Nikamtafsiria Bibi. Akaendelea kumenya vitunguu.

"Inanitambua? Imeniona wapi?"

Lakini baadaye alinipa simu. Mimi siwezi simu. Mkono ulilowa jasho mpaka kifaa kikateleza. Mwanamke wa ofisi ya jimbo alisema atamtuma mkaguzi aje kutuuliza maswali, na akimwona Babu anahitaji, tutapewa mtu wa kuja kusaidia kwa saa kadhaa kila wiki. Tarehe 26. Tunataka saa nne asubuhi au saa nane mchana? Nikamuuliza Bibi.

"Saa nne," akasema. "Saa nne anakuwa mtu."

Nikasema saa nne.

Jumatatu, 18 Septemba

Viazi.

Jumanne, 19 Septemba

Mvua. Mashine haikutoka. Babu alinifundisha upya kucheza karata alizonifundisha mwaka jana, akanifunga mara nne, kadi nikimshikia mimi.

Alhamisi, 21 Septemba

Tunasimama wanne kwenye mkanda wa mashine, viazi vinapita, tunatupa mawe na vilivyooza. Vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Normand anaendesha trekta huku akigeuka nyuma kututukana kwa mapenzi. Danika, wa darasa langu, anasema mimi ndiye ninayeona mawe haraka kuliko wote kwa sababu sipotezi muda kwa kuongea. Anasema kwa sauti: huyu Corinne akiolewa, mumewe atadhani kaoa kabati. Wote walicheka, na mimi nikacheka.

Acha niseme ukweli, kwani hakuna anayesoma. Naipenda ile mashine. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka jioni hakuna anayehitaji mikono yangu isipokuwa viazi, na viazi havioni haya. Nikitoka nyumbani asubuhi nikijua Bibi atamgeuza Babu peke yake siku nzima, sirudi nyuma. Natembea haraka.

Ijumaa, 22 Septemba

Nimefika jioni nikamkuta Babu sakafuni katikati ya choo na kitanda, Bibi amekaa chini kando yake, kichwa cha Babu mapajani. Walikuwa hapo tangu saa tisa. Walikuwa wanasali, au tuseme Bibi alikuwa anasali na Babu anamrekebisha.

"Umekuja, mama," Babu akaniambia. Huniita mama. "Mwambie bibi yako amemruka mtakatifu mzima."

Tulimnyanyua kwa shuka, mimi mabegani, Bibi miguuni. Tulipomlaza Bibi alienda kuegemea ukuta, akavuta gauni, akaikandamiza ngiri kwa kiganja mpaka ikarudi ndani. Ilikuwa imetoka kama yai la bata. Uso wake ulikuwa na rangi ya unga. Aliniona nikimtazama.

"Unatazama nini? Babu yako hajabadilishwa."

Nikambadilisha. Nilikuwa nimechoka, nikafanya kwa mikono migumu. Babu alifumba macho kama anavyofanya siku zote, macho yetu yasikutane. Nilikuwa na hasira naye kwa kuanguka. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 25 Septemba

Normand amenipa ruhusa ya kesho bila kuuliza. Bonde hili halina haja ya kuuliza.

Bibi ameosha nyumba kutoka darini. Ametoa vitambaa vya mezani vya arusi yake. Amechemsha kuku, amekoroga unga wa ploye ili asubuhi azichome mbele ya mgeni, zile chapati zetu zinazoiva upande mmoja tu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti nikamwona anatabasamu.

Halafu akaniambia nipeleke kiti cha choo ghalani. Na mfuko wa nepi. Na ule mkanda wa kumnyanyulia, na nailoni ya godoro. Nikasema, Bibi, si ndivyo vitu anavyokuja kuviona? Akasema huyo mwanamke atakula chakula ndani ya nyumba hii, na hatakula akitazama kiti cha choo.

Nikavipeleka. Safari tatu. Nilivifunika na turubai vizuri, hata mimi sikutaka vionekane.

Jumanne, 26 Septemba

Nimekaa na kalamu muda mrefu.

Alikuja saa nne kasoro dakika tano. Bi. Whitcomb, mtu wa kusini mwa jimbo, mnene wa kiasi, mwenye sauti ya taratibu na kompyuta ndogo. Ni mtu mzuri. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

Babu alikuwa amenyolewa na amevaa tai. Vidonge vilikuwa vimemwingia kuliko siku yoyote ya mwezi huu. Mgeni alipoingia Babu alisimama. Akatembea hatua sita, nilizihesabu, akamvutia kiti. Akamwuliza kwa Kiingereza kama kweli ameendesha gari kwa muda wa saa tano kuja huku.

"Basi mama, wewe ndiye wa kuuguzwa. Kaa, mke wangu akupe chakula."

Bi. Whitcomb alicheka kwa moyo. Bibi pia alicheka. Nilimwona akimtazama Babu amesimama kwenye mwanga, na tai yake, na nikajua amesahau mgeni amekuja kwa ajili gani. Alikuwa anajionyeshea mume.

Maswali yakaanza. Bibi huongea Kiingereza dukani, lakini mbele ya mtu mwenye karatasi kinamkimbia chote. Kwa hiyo nilikaa katikati. Bi. Whitcomb anauliza, mimi namgeuzia Bibi kwa Kifaransa, Bibi anajibu, mimi namrudishia mgeni. Na Babu ameketi mbele yangu, hatua moja, anasikia lugha zote mbili.

Siku saba zilizopita, ni mara ngapi alihitaji kusaidiwa kutoka kitandani?

Bibi akasema, tunamsaidia. Mimi nikasema, wakati mwingine anasaidiwa.

Anaoga mwenyewe?

Bibi akasema, tunamsaidia. Mimi nikasema, kwa msaada mdogo.

Ameanguka?

Bibi akamtazama Babu. Mara moja, akasema. Nikasema mara moja. Ni mara tano tangu Agosti.

Kisha akauliza kama anajizuia haja, ndogo na kubwa. Aliuliza kwa upole, akipunguza sauti. Nikamgeuzia Bibi. Bibi akaninyooshea kidevu, maana yake sema wewe. Nikamtazama Babu. Babu, ambaye kila asubuhi hufumba macho, leo alikuwa ameyafumbua, na ananitazama kama mtu aliye ukingoni mwa maji akitazama kama utamsukuma.

Nikasema, "Hana shida hiyo."

Kompyuta ikalia, tik.

Akamgeukia Bibi mwenyewe. "Na wewe mama, afya yako ikoje?"

Nikatafsiri. Bibi akanyoosha kitambaa cha meza kwa vidole. "Mwambie sijambo."

Ngiri iko chini ya aproni, nusu mita kutoka kwa mwanamke aliyetumwa na serikali kuuliza habari yake, na mimi nikafungua mdomo nikasema: anasema hajambo.

Alikula ploye nne. Aliniuliza na mimi kama nasaidia nyumbani. Nikasema niko shule. Mlangoni alimshika Bibi mikono yote miwili akamwambia ana familia nzuri sana, angependa wote anaowatembelea wawe hivi. Gari halijafika barabara kuu, Babu akaganda palepale mezani akiwa na uma mkononi. Tulimvua tai tukamlaza.

Jumatano, 27 Septemba

Viazi. Sikuyaona mawe mawili, Normand akasimamisha trekta.

Jumamosi, 30 Septemba

Jalidi. Ardhi ngumu mpaka saa nne, viazi vikiguswa na baridi vinavia. Tulikaa kwenye lori tukisubiri jua. Danika aliuliza yule mgeni wetu alikuwa nani. Nikasema wa bima. Siku hizi nadanganya bila hata kuvuta pumzi.

Jumanne, 3 Oktoba

Barua imekuja. Sikutegemea upesi namna hii.

Bibi alikausha mikono, akaketi, akataka nisome polepole. Nikasoma kimya kwanza. Mgonjwa hutoka kitandani kwa msaada wa wakati mwingine. Huoga kwa msaada mdogo. Hana shida ya haja. Yalikuwa maneno yangu, yamepigwa chapa. Sijawahi kuona maneno yangu yamechapwa.

Chini wameandika kwamba mahitaji yaliyobaki yanatoshelezwa na msaada uliomo nyumbani: Alphéda Violette, mke, miaka 74. Corinne Deschaine, mjukuu, miaka 16. Saa zilizoidhinishwa: sifuri.

"Jina langu limo?" Bibi akauliza.

"Limo."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akaligusa. Nilimwona, kabla hajaelewa, anafurahi kidogo. Miaka sita hakuna aliyemwandika popote. Halafu nikamweleza limeandikwa hapo kwa sababu gani. Kwamba wanamtambua, ndiyo maana hawaleti mtu.

Akaikunja barua, akarudi kwenye sinki.

Alhamisi, 5 Oktoba

Kuna rufaa. Siku thelathini. Nimeiandika jana, kurasa mbili, kila kitu: kuanguka, nepi, shuka, ngiri, kiti cha choo ghalani. Leo nilimsomea Bibi wakati Babu amelala. Nilipomaliza nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyeharibu, niliyapunguza maneno yake.

"Nilikuwepo," Bibi akasema. "Kiingereza sijui kukisema mbele yao. Kukisikia nakisikia."

Alikuwa amesikia kila neno. Alinisikia nikidanganya akanyamaza. Nikamwuliza kwa nini.

Hapo ndipo aliponisimulia. Alikuwa na miaka saba, darasa la kwanza. Kifaransa kilikuwa marufuku shuleni. Alinyoosha mkono kuomba kwenda msalani, mwalimu akamwambia aombe kwa Kiingereza. Hakuwa nacho. Alisimama mbele ya wote akitafuta neno, mpaka haja haikungoja. Kisha akafuta sakafu mwenyewe, wenzake wakimtazama.

"Babu yako alikuwa dawati la nyuma," akasema. "Hajawahi kunikumbusha. Miaka hamsini na miwili ya ndoa, tumegombana kwa kila kitu, na hicho hajakitaja hata siku moja. Na wewe unataka nitie sahihi karatasi hii."

Nikamwambia mficha uchi hazai. Akasema yeye alishazaa.

Siku zote nilidhani Bibi ni mkali kwa kuwa ana nguvu. Sijui sasa nidhani nini.

Jumamosi, 7 Oktoba

Siku ya mwisho ya mavuno. Niliamka nikitaka kubaki. Bibi akasema nenda, Normand amebakiza shamba moja. Nikaenda. Sikubisha. Hilo ndilo nililopaswa kuandika mwanzo.

Saa sita mkanda wa mashine ulikatika, Normand akatuambia tukale nyumbani. Nilipofungua mlango wa jikoni Bibi alikuwa sakafuni amejikunja, magoti kifuani, ametapika. Hakuwa analia. Alikuwa anapumua kwa meno.

Na Babu alikuwa sakafuni pia. Vidonge vyake vya asubuhi vilikuwa bado mezani, saa yake haikuja. Kiti kiko kule dirishani, na yeye alikuwa katikati ya jikoni kwa tumbo, shavu kwenye mbao, mkono mmoja mbele. Sijui alitokaje kitini. Alikuwa amefika kiasi cha kushika kisigino cha Bibi, na alikuwa amekishika.

"Piga simu, mama," akasema, maneno yakitoka kwa shida. "Mimi niache hapa. Piga simu."

Nilipiga. Mkono haukutoa jasho. Niliongea Kiingereza kama maji.

Mtu wa gari la wagonjwa aliuliza ilianza lini. Babu akajibu kutoka sakafuni: saa tatu kasoro robo. Alikuwa akiitazama saa ya ukutani muda wote.

Jumatatu, 9 Oktoba

Ngiri ilijinyonga. Wamekata kipande cha utumbo kilichokufa. Yuko hospitali kubwa ya kusini, mwendo wa saa tatu kwa gari. Mama amekuja. Analia, anapika, anasahau vidonge.

Alhamisi, 12 Oktoba

Shule imefunguliwa tangu Jumanne. Sijaenda. Mama hawezi kumgeuza Babu. Akimwona uchi anatoka nje kuvuta sigara. Simlaumu. Babu naye anamwomba atoke.

Mama alipompelekea Bibi karatasi ya rufaa hospitalini, Bibi alitia sahihi bila kuisoma.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mama amerudi Connecticut, kazini walimpa siku saba tu. Kesho watamleta Bibi. Normand alikuja na gunia la viazi, akamnyanyua Babu mara moja, akaumia mgongo, akajifanya hajaumia.

Ijumaa, 20 Oktoba

Bibi analala kwenye kochi la jikoni. Amepungua. Haruhusiwi hata birika. Namgeuza Babu, nambadilisha Babu, nambadilishia Bibi bandeji, nachemsha maji. Leo niligundua sijazungumza na mtu wa rika langu siku kumi na tatu. Danika aliniandikia mara mbili. Sikujua nianzie wapi.

Jumanne, 24 Oktoba

Kikao cha rufaa kilikuwa leo kwa simu. Safari hii sikumuuliza Bibi saa ipi, nikachagua mwenyewe saa nane mchana.

Simu yetu ina waya, iko ukutani jikoni. Simu ya mkononi haishiki mtandao upande huu wa mto. Nilifikiri nimpeleke Babu chumbani, lakini alikuwa ameganda kitini, na peke yangu kumtoa pale nahitaji robo saa. Mwamuzi alikuwa tayari kwenye laini. Kwa hiyo Babu alibaki dirishani na Bibi kochini, na mimi nilisimama kati yao nikiwapa mgongo.

Aliniapisha. Sauti ya mzee. Akasema nichukue muda wangu.

Nikasema. Kwamba hawezi kujigeuza. Kwamba tunamwosha kila mahali, na nikataja wapi. Kwamba hajizuii haja ndogo tangu mwaka juzi na kubwa tangu Pasaka, kwamba nepi ni nne kwa siku na nyingine usiku. Kwamba alikuwa ameanguka mara tano kabla ya mkaguzi kuja, na nikazitaja tarehe. Kwamba mkaguzi alimwona katika saa moja anayokuwa mtu, na sisi ndio tulioichagua. Kwamba vitu vilikuwa ghalani, mimi nilivibeba. Kwamba niliulizwa nikadanganya. Akauliza kwa nini nilidanganya. Nikasema, kwa sababu alikuwa ananitazama.

Mwamuzi akauliza, sasa nani anafanya kazi hizo. Nikasema mimi. Akauliza shule je. Nikasema nitarudi.

Nilipotundika simu, Bibi alikuwa amejifunika uso kwa blanketi. Babu alikuwa anatazama nje, machozi yanashuka mpaka kidevuni na mikono haiwezi kuyafikia.

Nilimfuta. Hakufumba macho.

"Umesema vizuri, mama," akasema kwa Kifaransa. "Hukuacha kitu. Sasa nigeuze niangalie ukuta."

Nikasema, Babu.

"Nigeuze, mwanangu. Siwezi mwenyewe, si umewaambia."

Nikamgeuza.

Ijumaa, 27 Oktoba

Anakula nikimlisha. Haniiti mama.

Jumatatu, 30 Oktoba

Tumeshinda.

Barua ya pili ina kurasa sita. Saa thelathini na moja kwa wiki. Wameandika kwamba ushahidi wa mjukuu ulikuwa wa kina na wa kuaminika. Wameandika kwamba Alphéda Violette ni mlezi mkuu anayetambuliwa kisheria, mwenye haki ya kupumzishwa. Nikamsomea Bibi mara mbili.

"Thelathini na moja," akasema. "Huyo mtu anaanza lini?"

Nikapiga simu kwa kampuni inayotuma wasaidizi. Msichana mmoja mchangamfu akaniambia saa zetu zinaonekana vizuri kwenye kompyuta. Ila hana mtu. Upande wetu wa bonde hana hata mmoja, aliyekuwepo alikwenda kiwandani mwezi Juni. Mbele yetu kwenye orodha kuna familia kumi na nne, wengine wanangoja tangu mwaka jana. Akasema saa hazipotei, zinabaki ni zetu.

Akaniambia nijaze fomu ya kungojea iliyokuja pamoja na barua. Ina nafasi ya kuandika jina la mtu atakayefanya kazi hadi msaidizi apatikane. Atapatikana lini, hawakusema. Bila jina faili halifunguliwi.

"Andika langu," Bibi akasema kutoka kochini, mkono ukiwa juu ya mshono.

Nikaandika langu. Bibi akataka kuona. Akaligusa kama alivyogusa lake, na safari hii hakukuwa na furaha hata ya dakika.

Ijumaa, 3 Novemba

Theluji ya kwanza, nyepesi.

Karani wa shule alipiga simu. Bi. Gervaise, mnamfahamu nyote, naandika kama mnasoma. Nimekosa siku kumi na nane. Alisema ni lazima aweke sababu kabla ya kufunga mwezi, mashine haikubali nafasi tupu, na bila sababu halali mwalimu mkuu atanifutia muhula. Akanisomea orodha: ugonjwa wa mwanafunzi, msiba, kanisa, mahakama, kuwinda na mzazi, shamba la familia.

"Kuuguza?" nikauliza.

Nilimsikia akishuka na kupanda orodha, ingawa anaijua kwa moyo.

"Hakuna, binti yangu." Halafu kwa sauti ya chini, labda kulikuwa na mtu ofisini: "Mama yangu nilimuuguza miaka saba. Wakati huo nilikuwa naandika nina mafua."

Nikamwambia mimi sitaki tena kusema uongo.

"Basi nikuandikieje?"

Chumbani Babu alikuwa ameanza kugonga ubao wa kitanda kwa fundo la kidole. Ndivyo anavyoniita siku hizi, bila jina. Nikamwambia Bi. Gervaise aandike anachoweza. Akavuta pumzi, kisha nikasikia kidole chake kikibonyeza.

"Bila sababu," akasema. "Nisamehe."

Nikamshukuru, nikatundika simu, nikaenda kumgeuza Babu.